Mashine ya Kutafutia Dhahabu: Iulizeni Maswali Kabla Fedha Hazijatoka Nyumbani

Kwa akina mama wanaoishi Chunya, Geita, Kahama, Tarime, Migori au Kakamega, habari hii si ngeni. Mtu wa kijiji cha pili ameokota kipande cha dhahabu kwa kutumia mashine. Wiki haijaisha, kile kipande kilichokuwa kama punje ya mahindi kimekuwa kama yai la kuku midomoni mwa watu. Jioni baba anarudi nyumbani, anakula kimya, kisha anasema, "Mama watoto, tukiuza wale ng'ombe wawili, tukaongeza na zile za kikundi chako, mashine tunaipata."

Mke afanye nini? Akikataa bila sababu ataambiwa anaizibia familia riziki. Akikubali kwa kuogopa ugomvi, huenda ada za watoto zikageuka kuwa chombo cha kulia "tii, tii" porini, na Januari ikifika atakayehangaika kwa majirani ni yeye. Kati ya kukataa na kukubali ipo njia ya tatu, nayo ni kuuliza. Lakini ili mama aulize maswali yenye maana, ni lazima aijue kidogo mashine yenyewe. Makala hii inakusudia kumpa ujuzi huo. Wala haiwahusu wa machimboni peke yao. Mama wa Bagamoyo au Malindi ambaye pete yake ya ndoa imemponyoka baharini naye atapata lake humu.

Inavyofanya kazi

Mashine hii, ambayo wengi huiita detekta, ina sehemu tatu kubwa. Chini kuna koili, mviringo wa waya uliofunikwa kwa plastiki, kwa umbo ni kama sinia dogo. Kisha kuna fimbo ya kuishikia, na juu yake kisanduku chenye betri, vitufe na kioo cha kusomea. Umeme mdogo unapopita katika waya wa koili, huzalisha nguvu ya sumaku inayozama ardhini. Ikikutana na kitu cha metali, kitu hicho nacho huamshwa umeme kidogo ndani yake na kurudisha jibu. Kisanduku hulipokea jibu hilo na kuligeuza kuwa sauti.

Zingatia neno "metali". Mashine haiijui dhahabu. Inajua kwamba hapo chini kuna kitu kinachopitisha umeme, basi. Msumari, kizibo cha soda, risasi, kipande cha sufuria ya bati na pete ya dhahabu vyote huijibu. Zile zenye akili zaidi hujaribu kukisia kwa namba au kwa sauti nyembamba na nene kama kitu hicho ni chuma au la, lakini kukisia ni kukisia. Kifuniko cha kopo na pete nyembamba ya dhahabu mara nyingi hutoa jibu linalofanana kabisa. Muuzaji anayesema kwamba mashine yake hulia kwa dhahabu tu na kunyamaza kwa vingine vyote, hapo hapo amejieleza yeye ni mtu wa namna gani.

Chombo hiki kina historia ya kusikitisha. Mwaka 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi, na madaktari wakashindwa kujua ilikoishia mwilini. Alexander Graham Bell, yule aliyevumbua simu, alitengeneza kwa haraka kifaa cha kuitafuta. Kifaa kilifanya kazi katika majaribio, lakini kwa mgonjwa kilitoa sauti zisizoeleweka. Inaelezwa kwamba springi za chuma za kitanda zilikivuruga, na tena daktari mkuu alitaka upimwe upande mmoja tu wa mwili, ule alioamini yeye. Rais alifariki mwezi Septemba mwaka huo huo. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa shida ya mashine hii imekuwa ni ile ile: yale yaliyo karibu nayo, na kichwa cha yule anayeiongoza.

Dhahabu yenu ni ya namna gani?

Hili ndilo swali la kwanza, nalo ni kubwa kuliko la bei. Watu wengi hulisahau kabisa.

Dhahabu haikai kwa namna moja. Katika sehemu nyingi za Kanda ya Ziwa imo ndani ya mawe, yale ambayo wachimbaji huyaita mbale. Imetawanyika humo kama chumvi katika ugali, chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Jiwe la namna hiyo linaweza kuwa na utajiri mzuri kabisa, likavunjwa kwenye karasha, likaoshwa kwenye mwalo na kutoa dhahabu, na bado mashine ya maelfu ya dola ikipitishwa juu yake isitoe hata mlio mmoja. Chembe zenyewe ni ndogo mno. Hali ni hiyo hiyo kwa vumbi la dhahabu lililo katika mchanga wa mto na katika marudio. Mashine hutafuta vipande, haitafuti unga.

Sehemu nyingine dhahabu hupatikana kwa vipande, kuanzia kama punje ya mchele hadi kama njugu au zaidi, vikiwa vimelala katika udongo wa juu au katika vijito vya zamani. Eneo la Lupa huko Chunya lilijulikana kwa dhahabu ya namna hiyo tangu ilipogunduliwa mwaka 1922, na watu walimiminika huko katika miaka iliyofuata wakichekecha udongo kwa mikono. Mahali pa namna hiyo ndipo mashine inapokuwa na kazi ya kufanya.

Basi mama amuulize baba: huyo aliyepata, alipata wapi hasa, na alipata kipande au unga? Wazee wa hapa waliwahi kuokota vipande baada ya mvua? Kama katika miaka yote hapajawahi kuonekana kipande cha kushikika kwa vidole, kununua mashine ni kununua ndoano mahali pasipo na samaki.

Ikiwa vipande vipo, kumbukeni dhahabu ni nzito kupita kiasi. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3, wakati mchanga wa kawaida ni kama gramu 2.6. Ndiyo maana maji ya mto yakipunguza mbio, dhahabu huanguka kwanza. Hukaa upande wa ndani wa kona ya mto, nyuma ya mawe makubwa, na katika nyufa za mwamba ulio chini ya mchanga. Mchanga mzuri mweupe wa juu una kidogo sana. Mtafutaji mwenye subira hupitisha koili kwenye nyufa za mwamba wakati wa kiangazi mto ukiwa umekauka.

Udongo mwekundu na kelele zake

Mashine zinazofaa kwa dhahabu zimegawanyika katika koo mbili. Ukoo wa kwanza hutuma wimbi mfululizo bila kupumzika, na kusikiliza wakati huo huo. Hizi ni nyepesi, bei yake ni nafuu, na zina uwezo fulani wa kutenga chuma. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya dhahabu ndogo hutumia masafa ya juu. Gold Bug 2 ya kampuni ya Fisher hutumia kilohezi 71, Gold Monster 1000 ya Minelab hutumia 45, na AT Gold ya Garrett hutumia 18. Masafa yakiwa juu, mashine huona vipande vidogo zaidi, lakini pia husumbuliwa zaidi na udongo.

Usumbufu huo ndio unaowavunja moyo wengi wa kwetu. Wekundu wa udongo wetu unatokana na chuma. Mahali penye kokoto nyekundu nzito, au mchanga mweusi unaonaswa na sumaku, ardhi yote hujibu kama kwamba ni metali. Mashine ya bei ndogo ikishushwa hapo hulia mfululizo kama kuku aliyeona mwewe. Mwenyewe huipunguza nguvu ili inyamaze, na ikinyamaza haioni tena dhahabu. Picha za matangazo hupigwa kwenye majani mazuri ya Ulaya, ambako udongo mara nyingi ni mpole.

Ukoo wa pili hutuma mipigo mifupi mifupi ya nguvu, kisha hunyamaza kwa muda mfupi sana na kusikiliza jinsi jibu linavyofifia. Kwa kuwa jibu la udongo wenye chuma hufifia tofauti na la kipande cha metali, mashine hizi huvumilia udongo mbaya na huzama zaidi. Minelab, kampuni iliyoanzishwa Adelaide, Australia, mwaka 1985, ilileta mageuzi makubwa mwaka 1995 ilipotoa SD2000 ya namna hiyo, kwa maana udongo wa Australia nao ni mwekundu na mkorofi. Wajukuu wake ndio wanaotajwa sana machimboni Afrika leo: GPX 5000, na GPX 6000 iliyotoka mwaka 2021. GPZ 7000 ya mwaka 2015 ni ya kampuni hiyo hiyo, ingawa utaratibu wake wa kutuma umeme ni mwingine kidogo.

Ubaya wa ukoo huu ni bei, na pia hauna ustadi wa kukataa chuma. Misumari yote mtaichimba. Mahali palipokuwa na nyumba au kambi ya zamani, siku nzima inaweza kuishia kwenye visoda na vipande vya waya.

Sasa kuhusu kina, maana hapa uongo ni mwingi. Kipande cha ukubwa wa punje ya mchele huonekana kwenye sentimita chache tu, hata kwa mashine nzuri. Kipande kikubwa cha kujaa kiganja kinaweza kuonekana kwa mashine ya mipigo kwenye nusu mita na zaidi, kama udongo unaruhusu. Koili ndogo huona vitu vidogo vilivyo juu. Koili kubwa huona vikubwa vilivyo chini, na huvipita vidogo. Hakuna mashine ya mkononi inayoona pete au kipande cha gramu moja kwenye mita tatu. Mwenye kuahidi hivyo msimnunulie hata betri.

Yule wa Australia

Wanaume wakizungumzia mashine hizi, mara nyingi humtaja Kevin Hillier, basi tumweleze kwa ukweli wake. Mwaka 1980, karibu na Wedderburn katika jimbo la Victoria, Hillier alipitisha mashine ya Garrett kwenye ardhi iliyo nyuma ya nyumba yake ya magurudumu, na kwenye kina cha kama sentimita 30 akapata bonge la dhahabu la kilo 27. Lilipewa jina la Mkono wa Imani, likauzwa kwa zaidi ya dola milioni moja kwa jumba moja la kamari huko Las Vegas.

Habari hiyo ni ya kweli. Lakini eneo hilo lilikuwa limechimbwa kwa zaidi ya miaka mia moja, na kila mtu alijua kwamba vipande vikubwa hupatikana hapo. Hakuanzia shambani kwa mjomba wake kwa sababu ameota ndoto. Na tangu mwaka huo wa 1980 maelfu ya watu wamepita sehemu zile zile na mashine bora kuliko yake, na bonge jingine la kufikia ukubwa huo halijapatikana kwa mashine.

Kuna jambo jingine kuhusu mashine hiyo ya Garrett ambalo wanaume huwa hawalisimulii. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1964 huko Texas na mke na mume, Charles na Eleanor Garrett. Biashara ilikuwa ya wote wawili tangu siku ya kwanza.

Majini

Hapa pana mtego ambao umeharibu mashine nyingi. Muuzaji husema "inaingia majini", na kwa kweli hadanganyi. Kinachoingia majini ni koili. Katika mashine nyingi za dhahabu, zikiwemo za bei kubwa kabisa, koili inaweza kuzamishwa katika kijito, lakini kisanduku kikiingia maji kimekufa. Swali la kuuliza ni hili: "Kisanduku chenyewe kinazama hadi mita ngapi?" Jibu lazima liwemo katika kitabu cha maelezo, lisiwe la mdomoni mwa muuzaji.

AT Gold ya Garrett huzama yote hadi mita 3. ATX ya kampuni hiyo hiyo, ambayo ni ya mipigo, nayo huzama mita 3, hivyo inafaa kwa mto na kwa udongo mwekundu pia, ila ni nzito, inapita kilo 3. Equinox 800 ya Minelab, iliyotoka mwaka 2018, huzama mita 3, na Equinox 900 huzama mita 5. Kwa wazamiaji halisi zipo zilizotengenezwa kwa kina cha mita 60 hivi, kama Excalibur II na Sea Hunter Mark II. Angalieni pia hedifoni. Zile za kawaida haziwezi kuzama. Za majini huuzwa mbali, na zina bei yake.

Kisha kuna tofauti ya maji yenyewe. Maji ya mto na ya ziwa letu la Victoria hayana tatizo kubwa. Maji ya bahari yana chumvi, na chumvi hupitisha umeme, hivyo mashine ya masafa mamoja ikifika kwenye mchanga ulioloa hupiga kelele hata pasipo na kitu. Kwa baharini chagueni ama mashine ya mipigo, ama ile inayotumia masafa mengi kwa pamoja na kulinganisha majibu yake, kama Equinox. Mtu mwenye Gold Bug 2, ambayo huko Chunya ingemfaa kwa vipande vidogo, akiipeleka ufukoni Kigamboni atarudi na maumivu ya kichwa.

Pete iliyopotea

Hapa tunataka tukae kidogo, maana pete ya ndoa si mali tu. Mama akirudi kutoka pwani kidole kikiwa kitupu, hata mume akisema "si neno, tutanunua nyingine", usiku ule hautakuwa mwepesi.

Pete nyingi hupotea kwa namna moja. Mwili umepoa ndani ya maji, kidole kimesinyaa, mkono umepakwa mafuta, mama anamrusha mtoto au anacheza mpira wa majini. Pete inateleza. Jambo la kwanza ni kutochimbachimba mchanga kwa mikono na miguu. Kila unapouvuruga, pete inazidi kuzama, kwa sababu ya ule uzito tuliousema. Simama ulipo. Mwite mtu aliye nchi kavu achomeke mti kwenye mstari ulio sawa na wewe, na uchague alama mbili za kudumu, mnazi fulani na pembe ya nyumba fulani, ili kesho upajue. Andika saa.

Kisha iacheni bahari iwasaidie. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4, hivyo mahali palipokuwa na maji ya kifuani saa nane mchana panaweza kuwa pakavu siku ileile au wiki ileile. Mwulizeni mvuvi siku za bamvua, atawatajia bila kutazama kitabu. Siku hiyo fuateni maji yanavyopwa na mashine mkononi, mkipita kwa mistari iliyonyooka, koili ikienda taratibu karibu kabisa na mchanga, kila mpito ukipanda kidogo juu ya ule uliotangulia. Ni kazi ya yule mama wa kwenye Injili aliyefagia nyumba nzima kwa ajili ya shilingi moja: kona kwa kona, bila kuruka.

Pete nzima ya duara huonekana vizuri. Ikikatika na kuwa wazi, huonekana kwa shida zaidi. Mkufu mwembamba ni mgumu kuliko vyote, kwa sababu mashine huona kila kipete cha mnyororo peke yake, na kila kimoja ni kidogo mno. Mara nyingi kinachogunduliwa ni kidani au kile kifungio. Afadhali mikufu ibaki nyumbani siku ya kwenda kuogelea.

Kwa pete moja hakuna haja ya kununua mashine. Kodini kwa siku moja, au mtafuteni mwenye nayo mpatane malipo mbele ya mashahidi kabla hajaanza kutafuta. Pete ikishaonekana, bei hubadilika.

Bandia na matapeli

Kampuni ya Codan ya Australia, inayomiliki Minelab, ilisimulia mwaka 2015 jinsi michoro yake ilivyoibwa kwa njia ya kompyuta, na mashine bandia zikatengenezwa na kuuzwa sehemu nyingi za Afrika. Kwa nje zinafanana na za kweli, zina nembo na sanduku. Ndani ni vitu vingine. Kwa hiyo namba ya mashine iulizwe kwa kampuni au kwa wakala wake kabla ya kulipa. Bei ikiwa nusu ya ile inayojulikana, hiyo ndiyo dalili yenyewe.

Wabaya zaidi ni wauzaji wa vijiti vyenye antena vinavyodaiwa kuonyesha dhahabu kutoka umbali wa mamia ya mita. Havina lolote ndani. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimfunga James McCormick miaka 10 kwa kuuza kifaa cha namna hiyo, ADE 651, akidai kinagundua mabomu. Serikali ya Iraq ilinunua vingi kwa fedha nyingi, na watu walipita na mabomu mbele yake. Kilitokana na kichezeo kilichouzwa Marekani kwa kutafutia mipira ya gofu. Ikiwa serikali ilidanganyika, msione aibu kumtilia shaka kijana anayepita kijijini na mkoba.

Jaribio la nyumbani

Mashine ikiletwa kuonyeshwa, kataeni majaribio ya hewani, ambapo pete hupitishwa mbele ya koili. Hewa haina chuma. Mama avue pete yake, aifunge kwenye uzi mrefu asije akaipoteza, aizike kwenye udongo wa eneo lile lile mnalokusudia kutafuta. Aanze na sentimita 5, kisha 10, kisha 15. Kama mnacho kipande kidogo cha dhahabu, hata cha hereni, kijaribuni pia. Halafu muuzaji ageuke asione, kizikwe kitu mahali asipopajua, atafute. Nusu saa tu ya mchezo huo inafundisha kuliko matangazo yote.

Kuhusu bei, mashine ndogo nzuri za masafa zinaanzia kwenye mamia kadhaa ya dola hadi kama dola 1,000. GPX 6000 huuzwa kama dola 6,000, na GPZ 7000 inapita hapo. Hapo bado usafiri, ushuru, koili ya akiba na betri. Kama eneo lenu ni udongo mwekundu mkali, hizo za dola mia kadhaa huenda zisifae kitu, na kama uwezo wenu ni huo wa dola mia kadhaa, basi jibu ni kukodi au kuungana na wengine, kwa maandishi, mkigawana kinachopatikana. Kwa maoni yetu, familia isiyowahi kuishika mashine isinunue ya kwake kabla ya kutembea na ya kukodi kwa angalau msimu mmoja. Pia pimeni uzito. GPX 6000 ina kilo 2.1 hivi, GPZ 7000 kilo 3 na ziada. Ipungie huku na huku kwa saa tano ndipo mtajua tofauti yake mabegani, na mama akitaka kuitumia mwenyewe, hilo ni jambo la kufikiria mapema.

Faida moja ya mashine hatutaki kuipita, kwa sababu inamgusa mama kuliko mtu mwingine yeyote. Kipande kilichookotwa kwa mashine hakihitaji zebaki. Unga wa dhahabu hunaswa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa, na mara nyingi sana huchomwa nyumbani, jikoni, katika kikaango kile kile, mtoto akiwa mgongoni. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Huingia kwa pumzi, humdhuru mama mjamzito na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mataifa yaliafikiana mwaka 2013 katika Mkataba wa Minamata kupunguza matumizi yake. Mume akileta zebaki nyumbani, hapo mama asiulize maswali. Akatae, chombo kitoke nje na kisirudi jikoni tena.

Sheria

Kuwa na mashine si kuwa na ruhusa. Nchini Tanzania madini ni mali ya umma, na anayetafuta bila leseni, au bila makubaliano na mwenye leseni ya eneo, anavunja sheria. Leseni ndogo ya uchimbaji hutolewa kwa Watanzania tu, na maofisa wa madini wa mkoa ndio wa kuulizwa. Kenya, Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mchimbaji mdogo awe na kibali. Kwenye magofu na maeneo ya kale, kama Kilwa na Gede, msipitishe mashine kabisa. Tanzania inayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Sarafu ya kale ikichimbuliwa huko ni kosa, hata kama nia ilikuwa njema.

Kila shimo lifukiwe kabla ya kuondoka. Ng'ombe huvunjika miguu humo, na watoto pia.

Kikipatikana kipande, kisiuzwe gizani kwa mtu wa pikipiki. Tangu Machi 2019, lilipofunguliwa soko la madini la Geita na mengine yakafuata, Tanzania ina mahali pa wazi pa kupimia na kuuzia. Nendeni wawili, baba na mama. Simameni wote mbele ya mizani, mwone gramu zikisomwa, mjue bei ya siku hiyo kwa gramu na makato yaliyokatwa, na stakabadhi ikiandikwa iwekwe nyumbani pamoja na ile ya mashine.